Namba za Soksi Zinatoka Wapi: Kufuma kwa Kufuata Kitabu

Mtu anayejua kufuma skafu na kofia akifungua kitabu cha mitindo ya soksi kwa mara ya kwanza, mara nyingi hukwamia kwenye kisigino. Mstari unasema: K18, SSK, K1, turn. Anafuma vitanzi 18, anapunguza kimoja, anafuma kimoja, kisha anaambiwa ageuze kazi ilhali vitanzi 11 bado vimekaa kwenye sindano havijaguswa. Anadhani amekosea. Anafumua, anahesabu upya, anafika palepale. Soksi nyingi huishia hapo, zimetupwa ndani ya mfuko zikiwa na sehemu ya juu bila kisigino.

Mfumaji huyo hakukosea, na kitabu nacho hakikukosea. Shida ni kwamba kitabu cha mitindo hakielezi soksi ni umbo gani. Kinatoa majibu ya hesabu iliyokwisha kufanywa na mtunzi, na hesabu yenyewe hakionyeshi. Hapa nataka kuifanya hesabu hiyo waziwazi, namba baada ya namba, kwa soksi ya kawaida kabisa inayoanzia juu na kushuka hadi vidoleni. Anayejua namba imetoka wapi anaweza kuyasoma maelekezo, kuyakagua, na hata kuyabadilisha bila woga.

Kwa nini vitabu ni vya mkato

Soksi zilifumwa kwa karne nyingi kabla ya kitabu chochote kueleza zinavyofumwa. Misri imehifadhi soksi za pamba, za buluu na nyeupe, zilizofumwa kwa sindano kati ya karne ya 11 na ya 14. Zina michoro iliyopangika na umbo kamili la mguu. Waliozifuma hawakuwa wakibahatisha. (Misri ina soksi kongwe zaidi ya hizo, zenye nafasi ya pekee ya kidole gumba, lakini zile zilitengenezwa kwa sindano moja yenye tundu, ufundi tofauti na huu.) Uingereza, William Lee alibuni mashine ya kufuma soksi mwaka 1589. Maelekezo ya kwanza yanayojulikana kuchapishwa kwa Kiingereza, ya kufuma soksi kwa mkono, yalitoka mwaka 1655, ndani ya kitabu cha tiba kilichochapishwa London. Mashine ilitangulia maandishi kwa miaka 66.

Mpangilio huo unaeleza mengi. Ufundi wa soksi ulipita mkononi, kutoka kwa anayejua kwenda kwa anayejifunza, wakiwa wamekaa pamoja. Maandishi yalipokuja yaliandikiwa watu ambao tayari wamewahi kugeuza kisigino, au wana mtu kando yao wa kumwuliza. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, karatasi za maelekezo ya soksi za askari zilisambazwa kwa maelfu ya wafumaji wa kujitolea, na nyingi hutosha ukurasa mmoja. Desturi hiyo ya mkato imebaki hadi leo. Basi anayejifunza peke yake kwa kitabu asijione mzito wa kuelewa, kwa kuwa anasoma maandishi yaliyokusudiwa kumkumbusha mtu anayejua.

Lugha ya ukurasa

Vitabu vingi vya soksi vimeandikwa kwa Kiingereza, na vifupisho vyake si vingi kama vinavyoonekana. K ni kitanzi cha kawaida, kile kinachotoa uso laini. P ni kitanzi cha kinyume, kinachoacha kinundu upande unaokutazama. Sl ni kuhamisha kitanzi kutoka sindano ya kushoto kwenda ya kulia bila kukifuma. K2tog ni kufuma vitanzi viwili pamoja kikawaida, na upunguzaji huu hulalia kulia. SSK ni kuhamisha viwili, kimoja kimoja, kana kwamba unataka kuvifuma kikawaida, kisha kupitisha sindano ya kushoto mbele yake na kuvifuma pamoja kwa nyuma. Huu hulalia kushoto. P2tog ni viwili pamoja kwa kinyume. Kwa hivi sita mtu anafuma soksi nzima.

Kuna kanuni moja ambayo vitabu huiandika kurasa za mwanzo na havirudii tena. Sl ikisimama peke yake, sindano huingia kana kwamba unataka kufuma kinyume, ili kitanzi kisijipinde. Anayeruka kurasa za mwanzo hupata ukingo uliosokotwa na hajui sababu.

Nyota na mabano ni alama za kawaida. Kilicho baada ya nyota hurudiwa hadi uambiwe uache. Namba zilizopangwa kama 56 (64, 72) ni saizi tatu, ndogo kwanza, na mpangilio huo haubadiliki hadi mwisho wa mtindo. Chukua penseli, zungushia namba za saizi yako kuanzia mwanzo hadi mwisho kabla hujagusa uzi. Kazi hiyo ya dakika chache huzuia kosa la kuanza na saizi ya kati na kumalizia na kubwa.

Tafuta pia maneno yanayosema "wakati huohuo". Maelekezo ya sehemu moja huweza kuanza na "endelea na mchoro", kisha mistari mitatu baadaye yakaongeza kwamba wakati huohuo upunguze kando. Mtu anayefuma mstari kwa mstari, bila kusoma aya nzima kwanza, ataiona amri ya pili akiwa amekwisha kuipita.

Kama mtindo una jedwali la michoro, jua kwamba soksi hufumwa kwa mzunguko, kwa hiyo kila mstari wa jedwali husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Anayetoka kwenye skafu amezoea kusoma mstari mmoja huku na wa pili kule. Hilo hurudi kwenye ukuta wa kisigino tu, yaani kitambaa cha nyuma ya kisigino, kwa sababu hapo kazi hugeuzwa.

Sindano na uzi

Vitabu vya zamani vya Uingereza vilihesabu sindano kinyume na vya Marekani. Kwa Marekani, namba 2 ni milimita 2.75, sindano nzuri ya soksi. Kwa Uingereza ya zamani, namba 2 ni milimita 7, na milimita 2.75 inaitwa 12. Kama kitabu hakitaji milimita, angalia kimechapishwa wapi kabla ya kununua chochote. Soksi nyingi hufumwa kwa sindano za milimita 2 hadi 2.75.

Uzi wa soksi unaouzwa sana leo ni mchanganyiko wa takriban asilimia 75 ya sufu na 25 ya nailoni, na gramu 100 zake huwa na karibu mita 400. Kiasi hicho hutosha jozi moja ya mtu mzima. Nailoni ipo kwa ajili ya kisigino na ncha ya vidoleni, ambako sufu tupu huchakaa upesi. Usishawishike kutumia sindano nene ili umalize haraka. Soksi iliyofumwa kwa kulegea huvaliwa vizuri kwa muda mfupi, kisha hutoboka.

Mpangilio wa sindano ndipo kitabu na mfumaji hupishana bila kujua. Sindano za soksi zina ncha pande zote mbili. Vitabu vingine huchukulia una nne: tatu zinashika vitanzi, ya nne inafuma. Vingine huchukulia una tano. Wengine siku hizi hutumia sindano moja ndefu yenye waya unaopindika. Kitabu kikisema "sindano ya 2" kinamaanisha vitanzi vilivyopo pale kwa mpangilio wake, na kama wewe unatumia mpangilio mwingine, sindano yako ya 2 imeshika vitu vingine. Dawa ni kutafsiri kila namba ya sindano kuwa mahali pa mguu. Nusu ya vitanzi ni ya mgongo wa mguu, na nusu nyingine ni ya kisigino na wayo. Andika hilo pembeni mwa ukurasa na usahau namba za sindano kabisa.

Namba ya kwanza: 64

Mitindo mingi ya mtu mzima huanza na vitanzi 64, au jirani yake. Hii ndiyo namba ambayo nyingine zote hutoka kwake, na yenyewe hutoka kwenye vipimo viwili: mzingo wa mguu, na idadi ya vitanzi ndani ya sentimita 10 za kitambaa unachofuma.

Zungusha futi kamba kwenye sehemu nene ya mguu, nyuma kidogo ya vidole. Tuseme ni sentimita 22. Soksi isiwe na sentimita 22. Inatakiwa kuwa ndogo kwa karibu asilimia 10, ivutike na kushika mguu, la sivyo itajikunja ndani ya kiatu. Asilimia 90 ya 22 ni 19.8. Kama unafuma vitanzi 32 kwa sentimita 10, yaani 3.2 kwa sentimita moja, unahitaji 63.4. Namba ya karibu inayogawanyika kwa 4 ni 64. Kugawanyika kwa 4 ni muhimu kwa sababu ukingo wa juu huwa na mistari ya viwili vya kawaida na viwili vya kinyume, inayoufanya uvutike na kurudi.

Sasa ona kinachotokea mkono ukiwa tofauti na wa mtunzi. Ukifuma kwa kulegea, vitanzi 28 kwa sentimita 10, vitanzi vilevile 64 vitatoa soksi ya karibu sentimita 23, kubwa kuliko mguu wenyewe. Ukikaza hadi 36, itakuwa chini kidogo ya 18, na huenda isipite kisiginoni. Mtindo umefuatwa neno kwa neno na bado soksi haivaliki. Ndiyo maana vitabu vyote husisitiza kipande cha majaribio, na wasomaji wengi hukiruka.

Kwa soksi, maoni yangu ni kwamba kipande hicho kinaweza kuwa soksi yenyewe. Anza, fuma ukingo, kisha sentimita tano za uso laini, halafu pima. Kipande bapa kilichofumwa kwa kugeuza kazi hukupa jibu la uongo, kwani watu wengi hufuma kinyume kwa kulegea kuliko kawaida, na kwenye mzunguko laini hakuna kinyume. Vaa kile kipande juu ya kisigino. Kisipopita, fumua sasa, wakati kazi bado ni ndogo.

Mambo mawili ya mwanzo yanahitaji jicho. Vitanzi vya kuanzia vifumwe kwa ulegevu, kwa sindano nene zaidi ukitaka, kwa sababu mzingo wa mguu kupitia kisigino ni mkubwa kuliko wa juu ya kifundo, na ukingo usiovutika hauvaliki hata soksi ikiwa na saizi sahihi. Pili, kabla ya kuunga mduara, hakikisha ukingo wote wa chini umeelekea ndani ya duara bila kuzunguka sindano. Mduara uliojisokota hauwezi kunyooshwa baada ya mizunguko kadhaa, hufumuliwa wote.

Kisigino

Soksi ni bomba lenye kiwiko. Ugumu wote uko kwenye kiwiko: kitambaa kinachoshuka wima lazima kipinde na kwenda mbele, na upande wa nyuma unahitaji kitambaa kingi kuliko wa mbele. Kila mtindo wa kisigino unajibu swali hilohilo kwa njia yake. Kuna visigino vya mistari mifupi inayopungua na kurudi, na kuna vinavyofumwa mwisho kabisa kwenye nafasi iliyoachwa wazi. Kwa anayejifunza napendekeza kile cha ukuta na pembetatu, ambacho vitabu vingi vya zamani hukitumia. Kina hatua nyingi zaidi, lakini kila hatua inaonekana kwa macho, na hubadilishika kirahisi kwa miguu tofauti.

Kwanza ni ukuta, kitambaa cha mraba kinachofunika nyuma ya kisigino. Hutumia nusu ya vitanzi, yaani 32. Nusu nyingine husubiri kwenye sindano bila kufumwa, na hapo wengi hushtuka wakiona mduara umeachwa. Ni sawa. Ukuta hufumwa kwenda na kurudi, mistari 32, idadi sawa na vitanzi vyake. Kitanzi cha kwanza cha kila mstari huhamishwa bila kufumwa. Sababu yake ni hii: ukihamisha cha kwanza, ukingo wa pembeni hutoa kitanzi kirefu kimoja kwa kila mistari miwili, kama mnyororo. Mistari 32 hutoa vitanzi 16 vya ukingo kila upande. Kumbuka hiyo 16, inarudi karibuni.

Vitabu vingi pia huagiza, kwenye mistari ya upande wa nje wa kitambaa, kuhamisha kitanzi kimoja na kufuma kimoja kwa kupokezana. Uzi hupita nyuma ya kila kitanzi kilichohamishwa, na kitambaa hutoka kinene, kinachostahimili msuguano wa kiatu.

Kisha tunafika kwenye mstari uliowakwamisha wengi. Vitanzi 32 viko kwenye sindano moja, na lengo ni kutengeneza kikombe cha kukaa chini ya kisigino. Kikombe hupatikana kwa kuanzia katikati na kuvuta vitanzi vya pembeni kimoja kimoja kuelekea ndani.

Mstari wa kwanza: K18, SSK, K1, geuza. Kumi na nane ni nusu ya 32 pamoja na viwili. Umevuka katikati kwa vitanzi viwili, umekusanya viwili kuwa kimoja, umefuma kimoja zaidi, na 11 vimebaki kushoto. Mstari wa pili: Sl1, P5, P2tog, P1, geuza. Hiyo 5 huonekana kama imetoka hewani, lakini iangalie kwenye sindano. Kitanzi ulichohamisha ni kile K1 cha mwisho. Kinachofuata ni kile kilichotokana na SSK. Baada yake kuna vitanzi vinne vya katikati kabisa, viwili kila upande wa mstari wa katikati. Kimoja na vinne ni vitano. Halafu unapunguza na kufuma kimoja, sawasawa na ulivyofanya upande wa pili, na ukihesabu vilivyobaki bila kufumwa upande huu utakuta 11 pia. Kazi imelingana pande zote.

Kuanzia hapo hakuna haja ya kuhesabu. Ukigeuza kazi utaona mwanya mdogo mahali ulipogeukia mara iliyopita, kati ya vitanzi vilivyofumwa na vile vinavyosubiri. Fuma hadi kibaki kitanzi kimoja kabla ya mwanya, unganisha hicho na cha ng'ambo ya mwanya, fuma kimoja, geuza. Ndiyo maana kitabu kinasema K6, kisha P7, kisha K8: kila mstari unafika kitanzi kimoja mbali zaidi kuliko uliotangulia. Kwenye mistari miwili ya mwisho hakutakuwa na kitanzi cha kufuma baada ya kupunguza, geuza tu. Kila upande umepunguza mara saba, jumla 14, na 32 kutoa 14 ni 18.

Mistari sita au minane ya kwanza haionekani kuwa na maana. Kitambaa hukaa kama kimevurugika, kisha ghafla chini ya mikono kinajikunja na kuwa na umbo la kisigino. Usisimame kukikagua kabla ya hapo. Hakuna sehemu nyingine ya ufumaji ambako kuliamini karatasi kabla ya kuona kunalipa kiasi hiki.

Pembetatu za pembeni

Kikombe kipo, kina vitanzi 18. Sasa mduara unarudishwa. Pembeni mwa ukuta kuna ule ukingo wa mnyororo wa vitanzi 16 kila upande. Ingiza sindano kwenye kila kimoja, vuta uzi, pata kitanzi kipya: 16 upande mmoja, kisha fuma vile 32 vya mgongo wa mguu vilivyokuwa vikisubiri, kisha 16 upande wa pili. Jumla ni 18 na 16 na 32 na 16, yaani 82.

Kwenye kona, pale ukuta unapokutana na mgongo wa mguu, hubaki tundu. Vitabu vingine huagiza kuokota kitanzi cha ziada hapo kila upande na kukipunguza mzunguko unaofuata. Hata kama chako hakisemi, fanya hivyo.

Tulianza na 64 na sasa tuna 82. Vitanzi 18 vya ziada ndivyo vinavyotoa nafasi ya kifundo, mahali ambapo mguu ni mnene kupita kote. Vinaondolewa viwili kila baada ya mzunguko mmoja: mzunguko wa kupunguza, mzunguko wa kufuma tu. Mara tisa, mizunguko 18, na unarudi 64. Upunguzaji wa upande mmoja ni K2tog, wa pili ni SSK, ili mistari miwili ielekeane na kutengeneza pembetatu safi. Ukizibadilishana soksi itavaliwa bila tatizo, ila mistari itaonekana imekatikakatika.

Hapa ndipo unapoweza kukikagua kitabu. Chukua saizi nyingine mbili. Vitanzi 56: ukuta 28, ukingo 14, kikombe 16, jumla 72, mara nane. Vitanzi 72: ukuta 36, ukingo 18, kikombe 20, jumla 92, mara kumi. Kwa hiyo mtindo utaandika 72 (82, 92). Kama kitabu chako kimeandika 72 (84, 92) na hakuna maelezo ya vitanzi vya kona, kuna hitilafu ya uchapishaji. Hutokea hata kwenye vitabu vizuri, na wachapishaji hutoa masahihisho. Anayejua hesabu haangaiki usiku kucha akijilaumu kwa kosa la karatasi.

Wayo na ncha

Sehemu ya wayo ni mapumziko. Zunguka na vitanzi 64 hadi ibaki kama sentimita 5 kufikia urefu wa mguu, ukipima kutoka nyuma ya kisigino. Hizo sentimita 5 ni za ncha.

Kwenye ncha unapunguza vitanzi vinne kwa mzunguko, viwili kila pembeni, kila baada ya mzunguko mmoja, hadi vibaki 32. Baada ya hapo kila mzunguko, hadi 16. Mwanzo wa taratibu na mwisho wa haraka ndio unaoipa ncha umbo la duara linalofuata vidole.

Vitanzi 16 vya mwisho, vinane juu na vinane chini, huunganishwa kwa sindano ya kushonea kwa namna inayotengeneza mstari mpya wa vitanzi, bila mshono wa kusumbua vidole. Njia hii inabeba jina la Lord Kitchener, aliyekuwa waziri wa vita wa Uingereza mwaka 1914 hadi 1916. Vitabu huieleza kwa aya ndefu inayochosha. Shika sindano mbili sambamba, uzi ukitokea sindano ya nyuma. Kwa kuandaa, ingia kitanzi cha mbele kinyume na ukiache, kisha cha nyuma kikawaida na ukiache. Halafu rudia: mbele, ingia kikawaida na ukitoe, ingia kinachofuata kinyume na ukiache, nyuma, ingia kinyume na ukitoe, ingia kinachofuata kikawaida na ukiache. Kila kitanzi kinapitiwa mara mbili, mara ya kwanza kinabaki, mara ya pili kinatoka. Ukikatizwa katikati, angalia vitanzi viwili vya kwanza kwenye sindano: kila kimoja kinatakiwa kuwa kimepitiwa mara moja tayari. Usivute uzi hadi ukaze. Maliza kwanza, kisha rekebisha kidogo kidogo kwa ncha ya sindano.

Kubadilisha namba

Soksi ya pili ifumwe upesi, wakati mkono bado una kumbukumbu ya ya kwanza. Kabla ya kuianza, hesabu mizunguko ya ile iliyokamilika, ya sehemu ya juu na ya wayo, na uiandike pembeni mwa ukurasa. Futi kamba haitoshi, kwa sababu kitambaa kinachovutika hutoa kipimo tofauti kila kinaposhikwa.

Baada ya jozi hiyo kitabu kinaweza kuanza kurekebishwa. Mtu mwenye mgongo wa mguu ulioinuka atasema soksi inabana juu ya kifundo na kuvuta kisigino kwenda chini. Sehemu ya kubadilisha ni urefu wa ukuta. Fuma mistari 36 badala ya 32. Ukingo sasa unatoa vitanzi 18 kila upande, kikombe kinabaki 18, mgongo wa mguu 32, jumla 86. Vya kuondoa ni 22, kwa hiyo punguza mara 11 badala ya tisa. Mwenye mguu bapa anaenda upande wa pili: mistari 28, ukingo 14, jumla 78, mara saba. Vitanzi vya kuanzia, vya wayo na vya ncha havibadiliki hata kimoja.